Mabega Ndani ya Unga

Unga ulishuka sebule nzima, lakini kuna mahali ulikataa kuanguka.

Lenzi aliliona hilo kwenye skrini ya kamera, saa saba mchana, madirisha yote yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Ndugu zake walimpa jina hilo kwa sababu hata akila hufumba jicho moja. Alikuwa mpiga video, na juma hilo alitakiwa kutengeneza vumbi la filamu: nyumba inabomoka, vumbi linatimka. Alikuwa na kitambaa cheusi alichokichomoa kwenye rundo la vitambaa vya mkewe bila kuomba, taa moja pembeni, pakiti za unga wa ngano, na binti yake wa miaka saba, Kifaranga, aliyesimama juu ya meza ameshika chekeche. Mtoto huyo alikuwa na mkono mwepesi. Akitikisa, unga hushuka taratibu, sawasawa na baba yake anavyotaka.

Lenzi akairudisha picha kwa mwendo wa polepole. Unga ulifika usawa wa kizingiti cha juu cha mlango, ukagawanyika, ukapita huku na huku, ukaacha uwazi mweusi katikati. Uwazi ule ulikuwa na mabega.

"Mama Kifaranga, njoo uone maajabu!"

Mkewe, fundi cherehani, alitoka chumba cha pili na chupa yake ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi. Akaitazama skrini, halafu sakafu. Unga ulikuwa umetanda kote isipokuwa alama za nyayo mbili, ndefu, vidole vimeelekea mezani kwa mtoto.

"Mshushe mtoto," alinong'ona.

"Upepo tu huo."

"Upepo gani, na madirisha umeziba mwenyewe? Mshushe, baba, nakuomba."

"Mara moja tu, ya mwisho. Picha kama hii watu wanaitafuta miaka na miaka."

Hapo ndipo ninapomlaumu, na sitaacha kumlaumu. Mtu mzima, ameona mabega, ameona nyayo, na bado anawaza picha. Akamimina pakiti nzima kwenye chekeche, akafumba jicho lake moja, akasema, "Tikisa, mwanangu."

Safari hii unga haukupita pembeni. Uliganda. Kilianza kichwa kisicho na macho, yakafuata mabega, kisha mikono iliyopita magoti. Harufu ya unga ulioungua ikajaa sebuleni, na jikoni hakukuwa na moto.

"Baba," mtoto alisema kwa sauti ndogo, "ananishika mguu."

"Miaka yote nimekaa humu bila mwili," kitu kile kilisema, na unga ukamwagika kinywani mwake kwa kila neno. "Mwili umenipa. Imebaki pumzi."

Lenzi aliruka kumvuta mwanawe, mkono mweupe ukampiga kifuani ukambamiza ukutani, mfupa wa mkono wake ukalia kwa sauti ambayo mkewe aliisikia upande wa pili wa chumba, na kabla hajaanguka vizuri kile kitu kilikuwa kimeshamnyanyua Kifaranga kwa shingo, kimemwekea mdomo juu ya mdomo, kinamnyonya pumzi huku miguu yake ikipiga hewani, midomo ikibadilika rangi, na mama yake akisonga mbele akinyunyiza na kunyunyiza kwa kile kichupa cha pasi, akitukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka tangu azaliwe.

Maji yalipogusa, unga uligeuka donge. Sikio likadondoka. Mama aliliona hilo, akakimbilia bafuni, akarudi na ndoo, akaimwaga yote. Mkono mmoja ulikatika kwenye bega ukaanguka sakafuni, vidole vikiendelea kufinya, naye akaukanyaga kwa kisigino mpaka ukawa ujiuji. Kilichobaki kiliporomoka. Mtoto akaanguka nacho, hapumui.

Mama alimpiga mgongoni mara tatu, nne. Ya tano Kifaranga akakohoa, akalia, na mama yake akalia kuliko yeye.

Jioni mganga waliyemwita alizunguka kila chumba, akanusa pembe zote, akasema nyumba ni safi. Hakukosea. Lenzi, mkono umefungwa gango, alivunjavunja kadi ya kamera kwa nyundo mbele yake, na mkewe akautupa nje unga wote uliokuwa jikoni.

Asubuhi mama aliondoa blanketi la mwisho dirishani. Mwanga ukaingia na vivumbi vyake, kama unavyoingia nyumba yoyote. Kifaranga alikuja akakaa katikati ya mwanga ule. Akavuta pumzi, na vivumbi vikamwendea puani, mstari mrefu, kutoka kila kona ya chumba. Mama alisubiri atoe pumzi. Hakutoa. Akavuta tena.

"Mama," akasema, "unga mwingine upo?"

Mama aliikamata chupa ya maji, akainyanyua. Mbele yake alikuwa amekaa mwanawe, na shingoni bado kulikuwa na alama za vidole. Akabaki ameishika hivyohivyo, hajui amnyunyizie nani.