Printa Isiyonunuliwa Wino

Kununua printa si kazi ya kumtoa mtu jasho, jamani. Lakini jioni ile Mama Kidoti alikuwa ameshaingia maduka saba, na kote wimbo ulikuwa ule ule: mashine rahisi, wino wake bei ya kukata maini. Yeye alitaka ya leza, nyeusi na nyeupe basi, isiyomtia hasara. Alikuwa anachapa kazi za watu sebuleni kwake, na shule moja ilikuwa imempa mtihani auchape. Ijumaa uwe tayari.

Duka la nane lilikuwa mwisho wa kichochoro. Halikuwa na taa. Ndani kulikuwa na harufu... kama ya nywele zilizoungua.

"Karibu, mama."

Muuzaji alikuwa mzee, uso umekunjamana wote. Lakini nywele zake! Nyeusi tii, kama masizi ya sufuria.

"Nataka printa ya leza," alisema Mama Kidoti. "Ila tuanze na wino wake, ile tona, mjomba. Inatoa kurasa ngapi, na inauzwaje?" Kwa kazi yake alikuwa mjanja, hadanganyiki na bei ya mashine.

"Ya hii hununui."

"Kivipi?"

"Itajitafutia."

Mama Kidoti akacheka. "Vya bure ghali, mjomba."

Mzee hakucheka. "Nyumbani unakaa na nani?"

"Na binti yangu. Ana miaka sita."

"Basi asikae karibu nayo," mzee akanong'ona.

Mama Kidoti akadhani anaogopea vidole vya mtoto. Nani asingedhani hivyo? Akalipa, akaibeba.

Kesho yake asubuhi akaiweka juu ya stuli, mashine ikaanza kuunguruma. Shhh... trrr... shhh. Herufi zilitoka nyeusi, safi, mpaka akapiga kigelegele peke yake. Kidoti naye akaipenda kwa sababu ilikuwa na joto. Akakaa sakafuni, akaiegemea kwa shavu.

"Toka hapo, utaiangusha," mama alisema mara moja bila kugeuka. Kisha kazi ikammeza. Kurasa arobaini zikatoka.

Alipogeuka, kitu cha kwanza alichokikosa ni ile doti. Alama nyeusi ya shavuni, iliyompa mtoto jina lake la utani. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Shavu lilikuwa tupu.

Kisha akaziona nywele. Misuko yote, nyeupe pe.

"We mtoto, umejimwagia unga?"

"Mama," Kidoti alisema polepole, "mbona umezima taa?"

Ilikuwa saa saba mchana. Dirisha lilikuwa wazi.

Mboni za macho yake zilikuwa zimebaki kijivu, kama maji ya kufulia. Mama Kidoti akachomoa waya ukutani. Akaifungua mashine, akachomoa kikasha cha tona. Kitupu. Kisafi kama sahani iliyooshwa. Hakikuwahi kutiwa kitu.

Sasa zile kurasa arobaini... ziliandikwa kwa wino gani?

Alimbeba mtoto mgongoni, akakimbia mpaka kule kichochoroni. Mzee alikuwa amekaa palepale, kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

"Nirudishie macho ya mwanangu!"

"Nilikuambia asikae karibu."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ningekuambia, ungenunua?" Akainama, akanong'ona. "Weusi wake uko kwenye karatasi zako. Mwekee usoni, utamrudia. Lakini ukishatoka hautulii, mama. Kesho utamtoka tena, atataka karatasi nyingine."

"Zikiisha je?"

"Utachapa. Akae karibu mtu mwingine."

"Mtu gani?"

Mzee akazigusa nywele zake. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikaa mama yangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Aliisha," alisema mzee. "Ndiyo maana nauza. Kila inapochapa, kidogo hunijia mimi."

Nyumbani, Mama Kidoti akamfunika mtoto uso kwa ukurasa wa kwanza wa mtihani. Swali la kwanza likafifia... la pili... mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Karatasi kumi, likarudi jicho moja. Ishirini, yakarudi yote mawili.

"Mama! Nakuona!"

Akalia kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyekufa. Nywele za mtoto akaziacha nyeupe hivyo hivyo, nywele hazioni. Ijumaa shule haikupata mtihani. Mwalimu mkuu alimtukana mpaka akachoka, naye akawa anaitikia tu, "Sawa, mwalimu." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku ya tatu karatasi ziliisha. Akampeleka Kidoti kwa jirani, akafunga mlango, akarudisha kikasha na waya. Akakaa sakafuni, akaegemeza paji la uso kwenye mashine. Ilikuwa na joto kweli. Hakuwa na kazi ya mtu ya kuchapa, basi akaandika jina la mtoto, jina tupu, ukurasa mzima. Akabonyeza.

Shhh... trrr... shhh.

Zilianza nywele zake kuwa nyeupe. "Shoga, umezeeka ndani ya wiki moja!" jirani alishangaa. "Mawazo, shoga," akamjibu. Zikafuata nyusi. Usiku aliogopa, tusidanganyane, na jioni moja alijikuta anamwangalia mtoto wa jirani aliyekuja kucheza, akihesabu kurasa atakazotoa. Akamfukuza yule mtoto kwa kelele, kisha akaona aibu mpaka asubuhi.

Baada ya hapo hakumruhusu mtu yeyote kuingia sebuleni. Alikaa mwenyewe.

Asubuhi moja Kidoti alikuja mbio kutoka nje kwa mlango wa uani, anatweta kwa furaha.

"Mama, leo naona mpaka namba za magari ya kule mbali! Niangalie ninavyoruka!"

"Nakuangalia, mwanangu. Ruka." Mama Kidoti akatabasamu, uso kauelekeza mlangoni.

Miguu ya mtoto ikasimama.

"Mama," sauti ndogo ikatoka nyuma yake. "Mimi niko huku."