Machungwa ya Kusubiri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fatu humsaidia kaka yake kuchambua machungwa uani kwao, Chanika. Rehani ana miaka ishirini na sita, na tangu wazazi wao wafariki, wote wawili wanaishi kwa shangazi yao, Bi Rukaya. Machungwa hayo Rehani huyapeleka Segera na kuwauzia abiria wa mabasi. Ana utaratibu wake ambao habadilishi: chungwa lililoanguka kutoka mtini haliingii kwenye tenga siku hiyo. Linawekwa kwenye ungo wa pembeni, lisubiri.

“Mbona hili ni zima kabisa?” Fatu hupenda kumchokoza.

“Lililopondeka halionyeshi siku hiyo hiyo,” Rehani humjibu. “Nikimuuzia mtu leo, kesho kutwa atakuta limeharibika ndani. Nitakuwa nimemdanganya.”

Wiki ile nyumba ilikuwa na pilikapilika. Ijumaa iliyofuata Rehani alikuwa anamwoa Maryamu, binti wa Korogwe. Kama wafanyavyo wachumba wengi siku hizi, walikwenda pamoja kupima virusi vya Ukimwi, na wote wawili hawakukutwa navyo. Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jioni hiyo Fatu alikuwa akichota maji kwenye pipa, nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ua, Rehani alikuwa akizungumza na rafiki yake, Hussein.

“Wiki mbili zilizopita nililala na mwanamke kule Segera, na sikutumia kondomu,” Rehani alisema kwa sauti ya chini. “Nilikuwa na hofu, sikufichi. Lakini si umeona majibu? Yamekwisha.”

“Hapo umepona, mwanangu,” Hussein akacheka.

Uso wa Fatu uliwaka moto kwa aibu. Aliona aibu kusikia mambo ya kaka yake, na akaona aibu zaidi kwa kuwa alijua jambo ambalo wale wakubwa wawili hawakulijua. Muhula ule mwalimu Eliasi alikuwa amewafundisha kuhusu kipindi cha matazamio, kwamba mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kupima na kuambiwa hana virusi, kumbe anavyo. Darasa zima lilichekacheka. Fatu alificha uso kwenye sweta lake, lakini masikio aliyaacha nje. Alielewa vizuri, na sasa alitamani asingeelewa.

Angesema nini? Nyumbani kwao dada hamtajii kaka yake mambo ya chumbani; hayo ni ya shangazi. Na hata kwa shangazi, mdomo ulikuwa mzito. Mimi aibu ya namna hii siipendi hata kidogo, maana humziba mdomo mtu asiye na kosa lolote. Fatu alinyamaza leo, akanyamaza kesho. Kisha Maryamu akaja kutoka Korogwe, akamletea khanga mpya ya kuvaa siku ya ndoa.

“Mbona hunitazami, wifi?” Maryamu aliuliza. “Nimekukosea?”

Fatu alitikisa kichwa. Kama kaka yake alikuwa ameambukizwa, basi baada ya Ijumaa Maryamu naye angeambukizwa. Usiku ule hakula.

Asubuhi alichukua chungwa lililoanguka, akaliweka kwenye tenga huku Rehani anamwona.

“Fatu, hilo ni la kusubiri. Unajua.”

Fatu aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. “Kaka, chungwa unalisubirisha. Mbona wewe mwenyewe husubiri? Nilikusikia na kaka Hussein. Mwalimu alisema ukipima mapema mno, kipimo hakionyeshi.”

Alidhani atachapwa. Rehani alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Siku hiyo machungwa hayakwenda Segera. Rehani alimwendea shangazi mwenyewe, akamweleza, na wote watatu wakaenda kituo cha afya.

Waliomba kumwona muuguzi Serafina, aliyewapima Rehani na Maryamu, mama mwenyeji wa Dindira asiyependa kuzunguka maneno.

“Dada yako angoje nje?” aliuliza.

“Aingie,” Rehani alisema. “Yeye ndiye aliyeniambia.”

“Na mimi nilikuuliza siku ile kama umefanya ngono bila kinga hivi karibuni. Ukasema hapana.”

“Maryamu alikuwa amekaa pembeni yangu. Niliona aibu.”

Serafina alishusha pumzi. “Kipimo kile kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukivamiwa. Huchukua wiki kadhaa kuonekana, pengine hadi miezi mitatu. Na majuma hayo ya mwanzo virusi huwa vingi sana mwilini, na ni rahisi kumwambukiza mwingine. Ungewahi ndani ya siku tatu, ungepewa dawa za kuzuia. Sasa umechelewa. Tutapima leo, tutarudia baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo usikutane na mtu bila kondomu.”

Kipimo cha siku hiyo nacho hakikuonyesha virusi, lakini Rehani alimwambia Maryamu ukweli. Maryamu alilia sana, na ndoa ikasogezwa mbele. Majirani walinong'ona, Fatu akawa anapita njia ya nyuma akienda shule.

Baada ya wiki sita Rehani alipima, na vipimo vya kuhakikisha vikafanyika. Alikutwa na virusi. Siku hiyo hiyo alianza dawa. Maryamu alikuja, akamkumbatia Fatu. “Kuhusu ndoa bado nafikiri,” alisema. “Lakini mimi ni mzima, na nafikiri nikijua ukweli.”

Jioni shangazi alimkuta Fatu akilia karibu na matenga.

“Nilimfananisha kaka na chungwa bovu, shangazi. Naona aibu.”

Bi Rukaya aliketi kando yake. “Chungwa bovu tunalitupa. Kaka yako hatupwi. Akimeza dawa kila siku ataishi, na virusi vikipungua hadi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mwenzake. Aibu aliiona yeye, akamficha muuguzi. Wewe pia uliiona, lakini ulisema. Ukiona aibu tena maishani, sema hivyo hivyo huku unalia.”

Akamfuta machozi kwa upindo wa khanga yake. “Haya, chukua ungo. Kaka yako anakungoja.”