Shahidi Aliyeitwa Kunimaliza

"Shahidi wa pili wa kampuni aingie!"

Mlango wa mahakama ukafunguliwa, na mimi nikanyanyuka kitini.

Alikuwa Mama Taulo!

Jamani... Huyu ni mwanamke niliyefanya naye kazi miaka tisa. Mchana tulikula chombo kimoja. Tuligombana, tukapatana, tukasengenya wengine pamoja. Leo anaingia na kukaa upande wa watu walioniunguza mkono!

"Msaliti mkubwa wewe!" nilipayuka.

"Mama, ukirudia nitakutoa nje," hakimu akanionya.

Wakili wangu akanivuta gauni nikae chini. Nilikaa, ila macho sikuyatoa kwake.

Msianze kumtukana bado. Ngojeni niwape mkasa wenyewe.

Mimi nilikuwa dobi. Si dobi wa beseni na kamba, hapana. Nilikuwa kwenye kiwanda cha kufulia, kinachopokea mashuka ya hoteli na hospitali kwa marobota. Nilisimamia zamu ya asubuhi, na wenzangu wakanibatiza Nyapara. Jina nililipenda, sitawaficha.

Pale kuna mashine ya kunyooshea mashuka. Ina rola mbili kubwa za moto. Unaingiza shuka bichi upande huu, linatokea upande wa pili limenyooka. Mbele ya rola panatakiwa kuwa na kinga, chuma chembamba ambacho vidole vikikigusa tu, mashine inasimama.

Tatizo ni kwamba hata shuka likijikunja kidogo, mashine nayo ilisimama. Meneja akaona anacheleweshwa. Akaamuru kinga ing'olewe, ikatupwa stoo.

Siku ya siku, pindo la shuka likanizonga vidole. Mkono wangu wa kulia ukaenda nalo mpaka kwenye kifundo.

Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilisikia mtu anapiga mayowe, na baadaye nikaambiwa alikuwa ni mimi.

Siku ya tatu hospitalini, meneja alikuja na maua na karatasi.

"Pole sana, Nyapara. Weka dole gumba hapa, tukushughulikie haraka."

"Mkono si huu umefungwa bandeji?"

"La kushoto linatosha."

Mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Akaichukua ile karatasi akaisoma mwanzo mpaka mwisho.

"Dada! Hapa imeandikwa ajali ni uzembe wako, na hutadai chochote!"

Meneja aliondoka kwa kasi hata mwavuli wake akausahau. Tunao mpaka leo.

Ndipo tukaenda kwa wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ofisi yake iko juu ya duka la vioo.

"Kuumia peke yake si kesi," alinieleza taratibu. "Lazima tuoneshe walikuwa na wajibu wa kukulinda, wakaupuuza, na kwa kupuuza kwao ndiyo ukaumia. Ripoti ya daktari tunayo. Picha ya mashine bila kinga je?"

"Waliirudisha kinga siku ileile niliyoumia. Nasikia wameipaka na rangi."

Akatikisa kichwa.

"Basi tunahitaji mtu. Kuna aliyewahi kuumizwa na mashine hiyo kabla yako? Kama walijua hatari ipo na wakanyamaza, hawana pa kutokea."

Nikautazama mkono wangu.

"Hayupo," nikasema.

Mjue kwamba kesi ile kwangu ilikuwa kufa na kupona. Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja, na daktari alisema bila upasuaji wa pili vitabaki hivyo maisha yangu yote. Upasuaji nao ulitegemea fidia. Nikikosa fidia, nimekosa mkono.

Sasa rudini nami mahakamani.

Mama Taulo alikuwa bado anafanya kazi palepale, kwenye meza ya kukunja taulo. Wakili wa kampuni, bwana mmoja wa suti ya kijivu, alimsogelea kwa madaha.

"Mama, unamfahamu mlalamikaji?"

"Namfahamu kuliko anavyojifahamu."

Watu wakacheka.

"Mna ugomvi?"

"Mkubwa tu."

Suti ya kijivu akatabasamu. Ndicho walichomwitia! Walijua ananichukia, wakajua atanimaliza.

"Ieleze mahakama, siku alipoumia, kinga ilikuwepo kwenye mashine?"

Mama Taulo aliniangalia. Nikajikaza kisabuni nisilie mbele yake.

"Haikuwepo," akasema.

Suti ya kijivu akashika karatasi zake.

"Mama, kwenye maelezo uliyosaini..."

"Yale niliyasaini ofisini, meneja amesimama mlangoni. Hapa nimeapa. Kinga haikuwepo! Na haikuwepo miaka miwili kabla yake, mashine ileile iliponifanya hivi."

Akainua mkono wa kushoto. Ulikuwa na vidole viwili.

Wakili wangu aligeuka akanitazama. Sikuweza kumwangalia usoni.

Suti ya kijivu alipekua faili lake mpaka karatasi zikamwanguka. Alipoipata aliyoitaka, akaipunga hewani.

"Uongo! Ajali yako ilichunguzwa. Shahidi aliyekuwa hapohapo aliandika kwamba kinga ilikuwepo, na wewe ulikuwa unapiga soga! Nisome jina lake?"

"Soma tu, baba. Nalijua."

Akalisoma.

Lilikuwa langu!

Ndiyo. Mimi! Ninayewasimulia hapa.

Siku Mama Taulo alipoumia, meneja aliniita pembeni. "Andika hivi," akaniambia, "na mwezi ujao zamu ya asubuhi ni ya kwako." Nikaandika. Kwa karatasi ile mwenzangu hakupata fidia yoyote, akahamishiwa kwenye taulo kama vile amefanyiwa hisani. Na hilo jina la Mama Taulo... nilimpa mimi. Nilidhani ni utani, na yeye akacheka pamoja nasi.

Hakimu alitoa dakika kumi za mapumziko. Wakili wangu akanibana ukutani kwenye korido.

"Uliniambia hayupo!"

"Niliogopa. Niliona aibu."

"Sikiliza. Ukiing'ang'ania karatasi yako, kesi imekufa. Ukiikana, unakiri mbele ya hakimu kwamba uliwahi kusaini uongo, na huenda wasikuamini tena kwa lolote. Ukweli ni upi?"

"Niliandika uongo."

"Basi utaitwa tena kizimbani, ukauseme."

Nikasimama pale. Nilisema yote, cheo nilichoahidiwa na maneno niliyoandikishwa. Mama Taulo aliinamisha kichwa muda wote, akawa anasugua kidole kimoja kwa kingine.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tano. Kampuni ina hatia, kwa sababu ilijua mashine inaumiza watu na ikanyamaza. Lakini theluthi moja ya kosa nikabebeshwa mimi. Hakimu alisema nilikuwa msimamizi, nilijua kinga haipo, na kila asubuhi niliiwasha ile mashine kwa mkono wangu mwenyewe. Fidia ikakatwa kwa kiasi hicho.

Iliyobaki ilitosha upasuaji. Nilishinda!

Kesho yake nikamfuata Mama Taulo nyumbani kwake. Kazini walishamfukuza. Alinikaribisha kiti, yeye akabaki amesimama.

"Kwa nini ulinisaidia, dada?"

"Nani kakusaidia? Mashine ile leo ina mtu mwingine mbele yake, na kinga wakiichoka wataing'oa tena. Niliyasema kwa ajili ya huyo. Wewe umefaidika kwa bahati tu."

"Basi na wewe ushtaki! Ukweli sasa umeandikwa mahakamani, hawawezi kuukana. Twende kwa wakili wangu."

Alisita. Kisha akavaa viatu.

Nilipanda zile ngazi za duka la vioo nina furaha ya kweli, sitanii. Nilijiona natengeneza nilichoharibu. Wakili alimsikiliza vizuri, akaandika, halafu akauliza tarehe aliyoumia. Alipotajiwa, akaiweka kalamu mezani.

"Mama, pole sana. Kesi ya namna hii sheria inakupa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Yako imepitiliza miezi tisa."

"Sikuambiwa na mtu," Mama Taulo akasema.

"Najua. Wengi hawaambiwi."

Mama Taulo akahesabu kwa vidole. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Huyu kesi yake imechukua muda gani?"

"Mwaka na nusu."

"Kwa hiyo siku alipokuja hapa mara ya kwanza, mimi nilikuwa bado nina muda?"

Wakili hakutaka kujibu, lakini hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ulikuwa nao, mama. Nilimuuliza kama kuna mwingine aliyewahi kuumia."

Mama Taulo akanigeukia. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ukajibuje?"

Alisubiri. Alisubiri sana. Kisha akachukua mkoba wake, akamshukuru wakili, akashuka ngazi peke yake. Tangu siku ile hapokei simu zangu, na sina cha kumlaumu.

Nyinyi mnaosoma, mkiumia kazini au barabarani, msiweke dole gumba kwenye karatasi msiyoisoma. Pigeni picha siku hiyohiyo, chukueni ripoti ya daktari, ulizeni mapema muda wa kushtaki unaisha lini. Wakili wako mwambie kila kitu, hasa kile kinachokuaibisha. Na ukiambiwa uandike kuhusu mwenzako aliyeumia, andika ulichokiona.

Vidole vyangu sasa vinafunguka, na hii yote nimeiandika kwa mkono wangu wa kulia. Msiniandikie hongera huko chini kwenye maoni.