Kinyozi na Sauti Iliyochelewa

Kinyozi alikuwa na kazi mbili. Moja ilimlisha, nyingine ilimpa jina. Iliyomlisha ni kunyoa. Iliyompa jina ni kusoma gazeti kwa sauti. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, alisimama mlangoni pa kibanda chake akawasomea watu waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu. Wengine hawakuwa na nywele za kunyoa hata kidogo. Walikuja kusikiliza tu, na wala hawakuona haya.

Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu. Habari za mpira zilipata mbio, habari za msiba zilipata heshima. Mkewe, Mama Pacha, alizoea kusema kwamba mumewe akisoma bei ya vitunguu utadhani anasoma barua ya mapenzi.

Lakini sauti hiyo haikuja bure. Utotoni Kinyozi alikuwa na kigugumizi. Herufi iliyomtesa zaidi ni K. Akitaka kusema "kalamu", neno liligoma kooni kama punda. Wenzake darasani walimcheka. Aliyemwokoa ni shangazi yake. Alimkalisha jikoni kila siku, akamsomesha kwa sauti, polepole, neno kwa neno, mpaka ulimi ukanyooka. Baadaye Kinyozi alihama, akaoa, akapata watoto. Habari ya kigugumizi hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliona yamepita, ya nini kuyafukua?

Miongoni mwa watu wa benchi alikuwamo Mwalimu Mstaafu, mzee aliyepoteza uwezo wa kuona. Yeye alipeleka sifa za Kinyozi kwenye maktaba ya vitabu vya kusikiliza. Siku moja mama mmoja mfanyakazi wa maktaba hiyo akaja, akasimama kando, akasikiliza gazeti lote hadi matangazo. Kisha akasema wanatafuta msomaji wa kitabu cha ufugaji wa kuku. Kulikuwa na kikundi cha wasioona kilichotaka kuanza kufuga, nao walikingoja kitabu hicho kwa hamu.

Maktaba ingemwazima maikrofoni na kompyuta. Kinyozi mwenyewe angetafuta hedifoni za kuvaa masikioni na saundi kadi, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni na kuipeleka kwenye kompyuta. Kwanza asome ukurasa mmoja wa majaribio, autume mwisho wa wiki. Ukifaa, kitabu ni chake. Kinyozi alifurahi mpaka akamnyoa bure mtoto aliyekuja na mama wa maktaba.

Kazi ya kutafuta saundi kadi aliichukua shemeji yake, kaka wa Mama Pacha. Shemeji huyu alijua kila kitu, na asichokijua alikijua zaidi. Alirudi na kisanduku kirefu cha mitumba chenye matundu manane ya maikrofoni na taa nyingi za rangi.

"Nguo ya mtoto hununuliwa kubwa," alisema. "Leo unasoma kuku, kesho utarekodi bendi nzima."

Wakaandaa chumba cha kulala. Mama Pacha aliegemeza godoro dirishani ili kelele za barabarani zisiingie. Alitandika blanketi juu ya meza. Kinyozi akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaanza kusoma.

"Kuku wa... Ku-kuku wa ki... kie..."

Akavuta pumzi, akaanza upya. Neno likagoma palepale. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, na mdomo wake haujui kukaa kimya.

"Shemeji, hao kuku unawasoma au unawaita?"

Mama Pacha akacheka kidogo. Kinyozi hakucheka. Hivyohivyo ndivyo walivyomtania darasani. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na siku hiyo Kinyozi aliusikia msemo huo mwilini.

Alijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata. Kila alipojitahidi ndipo alipozidi kukwama. Usiku hakulala vizuri. Aliamini kigugumizi kimerudi, na akaogopa kwamba safari hii hakitaondoka. Asubuhi aliliacha gazeti likiwa limekunjwa. Aliwaambia watu wa benchi kwamba koo linamuuma. Watu wakamwonea huruma, wakaanza kuleta tangawizi.

Hatimaye alimwomba mkewe apige simu maktaba, aseme msomaji ni mgonjwa, wamtafute mwingine. Mama Pacha alikuwa akimwangalia kwa siku kadhaa sasa.

"Koo gani hilo, Baba Pacha?" aliuliza. "Kwenye kusoma linauma, likifika kwenye kunigombeza linapona."

"Basi piga tu simu."

"Sipigi. Kinyozi hajinyoi. Jambo likikushinda, mwenzako yupo. Namwita Dada Redio."

Dada Redio alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa fundi mitambo katika kituo cha redio, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo. Alifika jioni alipotoka kazini. Kinyozi alimfungulia mlango.

"Karibu, dada. Karibu ukae."

"Ahsante, kaka." Alikaa, akakitazama kile kisanduku kirefu, akatikisa kichwa kidogo. Kisha akamwomba Kinyozi asome.

Kinyozi hakutaka. Kukwama mbele ya mkewe kulitosha. Sasa akwame na mbele ya jirani? Lakini alivaa hedifoni, akasoma. Akakwama kwenye neno la kwanza. Dada Redio hakucheka, wala hakumpa pole. Alimuuliza kama huwa anakwama akisoma gazeti kibandani. Kinyozi akasema hapana.

"Na sasa hivi pale mlangoni ulinikaribisha mara mbili bila shida," alisema Dada Redio. "Vua hedifoni, kaka. Soma tena ukurasa uleule."

Kinyozi akavua. Akalamba midomo.

"Kuku wa kienyeji hahitaji nyumba ya fahari. Anahitaji mahali pakavu, penye hewa, pasipofikiwa na wezi wala wanyama wakali."

Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Hakukwama popote. Aliinua macho kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani na hajui kama ni chake kweli.

Dada Redio akazivaa yeye zile hedifoni. Akasogelea maikrofoni, akaanza maneno anayoyasikia kazini kila siku: "Habari za jioni, wasi... wasiki... wasikilizaji..." Akaacha, akacheka mwenyewe. Akampa Mama Pacha, ambaye hakufika hata mwisho wa salamu. Shemeji akasema mdomo wake haujawahi kumsaliti tangu azaliwe. Akavaa, akaanza kuhesabu. Alipofika tatu alikuwa akiburura maneno kama mlevi anayetafuta ufunguo. Chumba kizima kikacheka, na safari hii Kinyozi alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukatika upesi.

"Nilidhani kimerudi," alisema.

"Nini kimerudi?" aliuliza mkewe.

"Kigugumizi. Nilikuwa nacho nilipokuwa mdogo. Nilichekwa sana, Mama Pacha. Nikadhani kimenifuata hadi hapa."

Mama Pacha alikaa kitandani karibu naye. Alimwonea huruma, na hasira kidogo pia ilimpata. "Siku zote hizi umebeba mzigo peke yako, na mimi nimelala ubavuni kwako?" Kinyozi alimshika mkono.

Shemeji alitazama sakafu. Akaomba radhi kwa yale maneno ya kuwaita kuku. Kinyozi akamwambia hakujua, yaishe.

Ndipo Dada Redio akaeleza. Mtu anapozungumza, alisema, masikio yake humsikiliza yeye mwenyewe. Ulimi na sikio huenda pamoja. Kwenye mitambo hii sauti husafiri. Inaingia kwenye maikrofoni, inapita kwenye saundi kadi, inakwenda kwenye kompyuta, halafu inarudi njia ileile hadi masikioni. Safari ikiwa ndefu, sauti inachelewa. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini inatosha. Inakuwa kama mtu amesimama nyuma yako anakuiga kila neno. Ulimi unasimama kulisubiri sikio, na hapo hata msemaji hodari hukwama.

"Hiki kisanduku ni cha zamani," aliendelea. "Programu yake haipatani na kompyuta yako, ndiyo maana sauti inachelewa sana. Tena hakina kitufe cha kujisikia moja kwa moja, kabla sauti haijaenda kwenye kompyuta."

"Basi si asome bila hedifoni?" aliuliza shemeji.

Dada Redio alikubali kwamba kwa ukurasa mmoja inawezekana. Lakini kitabu kizima? Kiti kikilia, pikipiki ikipita, maikrofoni ikizimika, msomaji atajuaje? Atamaliza sura nzima ndipo agundue amerekodi kelele, au hakurekodi kitu.

"Kwa hiyo umeniletea kifaa kibovu," Kinyozi alimtania shemeji yake.

"Si kibovu," alisema Dada Redio. "Kinawafaa watu wengine. Kifaa hakichaguliwi kwa wingi wa taa. Anza na kazi yako. Midomo mingapi itasema kwa wakati mmoja?"

"Mmoja."

"Basi usilipie matundu manane."

Akamfundisha mengine, na Kinyozi akayarudia kwa sauti mpaka yakamkaa kichwani. Maikrofoni ya maktaba ilikuwa ya aina inayotaka umeme mdogo kutoka kwenye saundi kadi, kwa hiyo ni lazima kifaa kiwe na swichi ya umeme huo. Waya wa kifaa hicho uingie kwenye tundu la kompyuta, na programu yake ipatane nayo. Na jambo moja zaidi: usilipe kabla ya kujaribu. Beba maikrofoni yako, kompyuta yako na hedifoni zako mpaka dukani.

Kesho yake Kinyozi na shemeji walikwenda kwenye duka la vifaa vya muziki. Muuzaji alipomwona mteja mwenye mzigo wa vifaa, alimwonyesha kwanza kisanduku kikubwa kuliko vyote, akakisifu kweli kweli.

"Ni kizuri," Kinyozi alikubali, "ila nina mdomo mmoja."

Muuzaji akacheka, akateremsha vidogo. Cha kwanza hakikuwa na swichi ya umeme wa maikrofoni. Kikarudi kabatini. Cha pili kilikuwa nayo, na bei yake ilikuwa ya chini. Kinyozi akakiunganisha, akasema kwa sauti ndogo, akazungusha kitufe cha kuongeza sauti. Masikioni akasikia mlio kama wa mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Akamwomba muuzaji asikilize naye. Muuzaji akasikiliza, akakiondoa bila ubishi.

Cha tatu kilikuwa na matundu mawili na kitufe kimoja pembeni, cha kujisikia moja kwa moja. Hakikuwa na taa za rangi. Kinyozi alibonyeza kitufe, akaongea.

"Kuku."

Sauti ilifika sikioni pamoja na midomo yake. Haikutangulia, haikuchelewa.

"Kuku," alisema tena. "Kuku wa kienyeji. Kuku, kifaranga, kiota, kibanda, kokoto."

Wateja wengine waligeuka kumtazama. Shemeji alifungua mdomo ili atie utani, akaufunga. Kinyozi akalipa. Kile kisanduku cha matundu manane walikichukua wanamuziki wa mtaa wa pili. Wao walikuwa saba, na kompyuta yao ilikuwa ya zamani kama kisanduku chenyewe, kwa hiyo vilielewana.

Jioni hiyohiyo Kinyozi alisoma ukurasa wa majaribio na kuutuma. Mama wa maktaba alipiga simu akasema sauti ni safi, aendelee na kitabu. Asubuhi iliyofuata gazeti likafunguliwa tena kibandani. Watu wa benchi wakajisifu kwamba ni tangawizi yao.

Tangu hapo, kila alasiri kazi ilipopungua, Kinyozi aliingia chumbani kusoma. Mama Pacha alikaa nje ya mlango akikunja nguo, maana hiyo ni kazi isiyo na kelele. Sura ya kwanza ikaisha, na ya pili. Wakafika kwenye sura ya magonjwa ya kuku.

"Ki-ki..."

Mama Pacha akasimamisha mikono. Shati la mumewe likabaki limekunjwa nusu.

Ndani, Kinyozi alijisikia akikwama. Hedifoni zilimwambia ukweli palepale. Neno lilikuwa geni, na kila msomaji hujikwaa. Alingoja kidogo aone kama ile hofu ya zamani itakuja. Haikuja. Akanywa maji, akarudi mwanzo wa sentensi.

"Kideri hakina tiba," alisoma kwa utulivu, "lakini kina chanjo."

Akaendelea na sentensi iliyofuata. Mama Pacha akamaliza kulikunja shati.