Jina la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mzee Uweso alikuwa amepanga herufi za risasi za kuchapia vitabu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukuta mstari wenye joto. Asubuhi ile ya masika, mwaka 1956, mtaa wa Raskazone ulikuwa umelowa tangu juzi, na chumba cha kuchapia kilikuwa na baridi ya kumvalisha mtu koti. Alipitisha kidole juu ya ukurasa aliouacha mezani jana yake, mstari kwa mstari, akitafuta herufi iliyolegea. Alipofika mstari wa tisa akauondoa mkono haraka. Risasi ilikuwa na joto la paji la uso la mgonjwa wa homa.

Akainama akausoma kinyumenyume, kama wapanga chapa wanavyosoma. Mstari ulikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa jina.

Chumba hicho kilikuwa cha taasisi ya utafiti, iliyokuwa katika nyumba kubwa ya kizamani. Wazungu wake walizunguka vijijini kuuliza watu wanavyooana, wanavyolima na wanavyozikana, kisha wakaziacha karatasi zao kwa watu watatu. Fanueli Noa, karani wa maktaba, alizipanga na kuzinakili. Mdogo wake, Kristina, alijumlisha idadi za kaya kwa mashine ya hesabu yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Mzee Uweso akachapa.

Fanueli na Kristina walikuwa yatima. Baba yao alishuka kutoka Usambaa kukata mkonge, akafia shambani, na mama hakumaliza mwaka. Fanueli alikuwa na miaka kumi na saba. Alimlea mdogo wake katika chumba kimoja cha Nguvumali, akamsomesha mpaka akaweza kukaa mbele ya mashine ile. Kristina hakukumbuka kitu chochote alichowahi kuvaa au kula ambacho hakikupitia mkononi mwa kaka yake.

Kitabu kilichokuwa mezani kilihusu ngoma za pepo za pwani ya Mtang'ata. Fanueli ndiye aliyekaa nyuma ya wapiga ngoma kule Tongoni na daftari lake, siku tisa, akiandika nyimbo. Bwana Mkuu wa taasisi, kabla ya kwenda likizo Ulaya, alimwahidi kwamba jina lake litakuwa kwenye jalada, chini ya la kwake. Fanueli alikuwa ameliandika jalada lile kwenye karatasi mara nyingi, aone litakavyokaa.

Mchana wa siku ile ile, mwanamke mtu mzima alipanda ngazi za taasisi, kanga zake zikichuruzika maji. Alikuwa Bi Semeni, fundi wa ngoma za pepo wa kule Tongoni.

"Shikamoo, bibi," Fanueli akasema, akimvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. "Nimesikia mnatia majina ya pepo kwenye kitabu. Majina mengine nilikupa mwenyewe. Lile moja sikukupa. Uliliokota."

"Nililisikia likiimbwa, bibi."

"Likiimbwa, ndiyo. Na watu arobaini, na chano cha sadaka kimeandaliwa, na mimi nipo kumpokea. Jina lile si la kusomwa, mwanangu. Ni la kuitia. Likitajwa, mwenyewe anakuja, na asipokuta aliyeandaliwa kuwa kiti chake, mtu wa kumpanda kichwani, anajitafutia."

Fanueli alitabasamu kwa adabu. "Bibi, hiki ni kitabu cha elimu. Watakaokisoma ni wasomi wa mbali."

"Wao masikio hawana?"

Bi Semeni alipoondoka, Mzee Uweso alimnong'oneza Fanueli habari ya mstari ule wenye joto, akamwomba autoe. Fanueli alikataa. Bwana Mkuu alitaka kila kitu, na yeye alikuwa ameahidi kila kitu.

Kusahihisha prufu, zile karatasi za majaribio, kulihitaji watu wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate hati kwa macho. Kesho yake walikaa maktabani, Fanueli akisoma, Kristina akifuata. Walipofika ukurasa wa arobaini na moja, Kristina, aliyekuwa amemsikia Bi Semeni, alifunika mstari wenye lile jina kwa kiganja.

"Liruke, kaka."

"Nikiliruka tutajuaje kama herufi zimekaa sawa?"

"Mimi nitaliangalia. Usilitamke tu."

Fanueli aliuondoa mkono wa mdogo wake taratibu, kama alivyokuwa akimwondoa karibu na moto alipokuwa mdogo, akalisoma.

Mvua ilikatika ghafla. Chumba kikajaa harufu ya tope la mikoko maji yakishakupwa, na ndani yake udi. Kulikuwa na kiti cha tatu karibu na kabati, hakina mtu, nacho kikalia kama kinavyolia kiti mtu mzito anapokikalia. Fanueli alianza kucheka. Hakumaliza.

Tangu hapo, kila saa sita mchana, Mzee Uweso alipokwenda kuswali na Kristina akabaki kula chakula chake barazani, mashine ya hesabu ilianza kuzunguka yenyewe, krr, krr, polepole, na Kristina alipochungulia dirishani alikuta mpini unapanda na kushuka na tarakimu zote zikiwa sifuri, na harufu ile ya tope imetanda mpaka kwenye karatasi zake, na kaka yake amesimama katikati ya chumba akiutazama mpini kama mtu anayesikiliza mazungumzo asiyotaka yamalizike, wala hakugeuka hata alipomwita mara tatu kwa jina lake.

Hilo la kutogeuka ndilo lililomtisha kuliko mashine. "Kaka" alilisikia. "Fanueli" hakulisikia kabisa. Ilipoletwa posta asaini daftari, alishika kalamu muda mrefu, kisha akamwuliza mdogo wake kwa aibu, "Huwa naandika nini hapa?"

Kristina alimwandikia. Fanueli alilisoma kama jina la mtu baki.

Wakati huo kitabu kilikuwa kimeshachapwa, nakala mia tatu. Kristina alifungua droo za kadi za maktaba kutafuta kitabu kimoja, akavuta kadi, akavuta nyingine, akavuta droo nzima akaimwaga sakafuni, na kwenye kila kadi, mahali pa jina la mwandishi, kwa ule mwandiko mzuri uliomfundisha yeye kuandika, kaka yake alikuwa ameandika jina lile moja, kadi elfu na zaidi, mpaka wino ulipomwishia akaendelea kwa penseli.

Mchungaji alikuja akaomba. Fanueli aliitikia amina kila ilipopasa, na kiti cha tatu kikaendelea kulia. Ndipo Kristina alipokwenda Tongoni.

Bi Semeni alikuja bila kulaumu. Walifunga madirisha ya maktaba alasiri, wakamkalisha Fanueli mkekani, wakamfunika shuka jeupe, ubani ukawashwa. Mzee Uweso alishika mlango. Fundi aliimba kwa sauti ya chini muda mrefu, mpaka shuka likaanza kutetemeka.

"Umekuja kufuata nini?" akauliza.

Sauti iliyotoka chini ya shuka haikuwa ya kutisha. Ilikuwa imechoka.

"Sikuja. Nimeitwa."

"Aliyekuita hakujua. Chukua chano chako, urudi ulikokuwa."

"Nirudi vipi?" sauti ikasema. "Naitwa. Hata sasa naitwa. Kuna mtu ananisoma mahali penye baridi. Mwingine ananisoma karibu naye. Kila mmoja nikimwendea ananiuliza mimi nani, na huyu ndiye ninayemtumia kujibu."

Bi Semeni aliinua uso akamtazama Mzee Uweso. "Vitabu viko wapi?"

"Vimepakiwa melini mwezi uliopita," akanong'ona mzee. "Vyote."

Fundi aliuzima ubani kwa vidole vyake. "Ningempunga atoke kwenye kichwa kimoja," alimwambia Kristina akikusanya vitu vyake. "Hivyo vichwa vingine sivijui viliko. Nisamehe, mwanangu."

Fanueli alikufa siku ya nne, midomo ikiendelea kwenda bila sauti. Kristina aliinamisha sikio ajue anasema nini. Alikuwa akimjibu mtu maswali.

Mzee Uweso aliuvunja ukurasa ule, akarudisha kila herufi kwenye kisanduku chake, akaacha kazi, akakaa kwake Makorora. Kristina aliziandikia maktaba zote zilizopokea kitabu, moja moja, akiomba ukurasa wa arobaini na moja ukatwe. Walimjibu kwa heshima. Maktaba haziharibu vitabu, walisema, na hiki kinaazimwa sana. Mmoja aliongeza kwamba nakala yao haimo kwa sasa, aliyeiazima ni mgonjwa.

Halafu ikaja barua ya Bwana Mkuu, pamoja na nakala moja ya kuchapia upya. Kitabu kimesifiwa. Zichapwe nakala elfu moja nyingine.

Mpanga chapa mpya aliletwa kutoka Dar es Salaam, kijana mchangamfu aitwaye Manase. Kristina alimsubiri mlangoni siku ya kwanza, akamweleza yote, mchana kweupe, akilia. Manase alimsikiliza kwa huruma.

"Pole, dada. Kufiwa kunamfanya mtu aone mengi. Hebu nikutoe hofu." Alifungua nakala ile ya Bwana Mkuu, akalitafuta jina kwa kidole, akalitamka kwa sauti kubwa, wazi, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Umeona? Hakuna kitu."

Ndani ya maktaba, ambayo Kristina alikuwa ameifunga kwa kufuli tangu mazishi, kiti kilisogezwa. Kisha sauti ya Fanueli, ya adabu, ikaitika.

"Naam."

Manase aligeuka. "Kumbe yuko mtu," akasema, akaelekea mlango wa maktaba.