Kilo Moja ya Gunia

Rafiki yangu Petronila wa Kishanda hajui kubuni maneno, na nikilikumbuka jambo hili alilonisimulia hasira hunipanda upya. Mwaka 1993 aliwapimia watafiti uzito wa wagonjwa wa ukimwi, kwa mizani ya kutundika ya kupimia kahawa. Mdogo wake, Bernadina, hakuweza kusimama, basi Petronila akamning'iniza ndani ya gunia. Fomu ya vipimo ilipokwisha kupelekwa kwa watafiti, Bernadina akamnong'oneza dada yake kwamba hakutoa kilo moja ya gunia kwenye uzito ule. Hawakumwambia mtu.

Bernadina alikufa bila kuonja kidonge.

Baada ya matanga, Petronila akapeleka fomu nyingine na ile mizani ofisini kwa watafiti, Bukoba, akaitundika ukutani. Mtafiti akamwonyesha kompyuta, akitabasamu.

"Huyu mgonjwa tumemuunda kwa vipimo vya mdogo wako. Tumemjaribia dawa mpya humu ndani. Amepona!"

"Mmemponya wa kwenye kioo?" Petronila alifoka. "Wangu nimemzika migombani!"

Umeme ukakatika. Madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, chumba kikawa giza tupu. Petronila akasikia mnyororo wa mizani ukilia polepole, kama umebeba mtu. Kisha mashine ya kuchapia ya ile kompyuta, bila umeme, ikaanza kukwaruza karatasi.

Mtafiti akawasha kiberiti. Kwenye karatasi palikuwa na mstari mmoja tu:

"Dada, toa kilo ya gunia."