Aliyeitika Ukumbini Kitale

Bethwel alikuwa amekielekezea kiti kitupu kipaza sauti, anatabasamu, anasubiri kiti kimjibu.

"Simama mzee wetu, watu wakuone," alikibembeleza. "Usiogope. Hapa hakuna mzungu."

Ukumbi mzima wa Kitale ulimkodolea macho. Halafu mama mmoja wa safu ya tatu akauliza, wala hakupunguza sauti, "Kwani huyu anaongea na nani?" Watu wakaangua kicheko.

Bethwel naye akacheka. Kazi ya mshereheshaji ni kucheka kabla watu hawajaona jasho. Alikuwa amesherehesha harusi Kampala na makongamano Dar, na huko Muscat aliwahi kumlaki mpishi kwa hotuba ndefu akidhani ni balozi. Yeye na aibu walishazoeana. Lakini leo alikuwa amesikia mtu.

Mkutano ulikuwa wa Linah, mwanahistoria aliyewaita watu wa Kitale na Bungoma kila mwezi kuzungumzia ardhi, mila, na jinsi Mwafrika alivyotendwa kwenye mashamba ya wazungu. Siku hiyo alileta kitabu cha vibarua kutoka shamba moja la zamani upande wa Saboti. Wanaume arobaini na watatu walifukiwa na tope pale bwawa walilokuwa wakilichimba lilipobomoka. Mwenye shamba hakuwa na haja ya kujifunza majina yao. Aliwapa namba, na jina la chochote kilichokuwa mbele yake. Sahani. Ijumaa. Sabuni. Linah alipanga Bethwel awasome mmoja mmoja, na ukumbi uitikie "Yupo!" kuwapa heshima waliyonyimwa.

"Namba thelathini na moja, Kiberiti."

"Yupo!" ukumbi ukaitika. Na chini ya sauti hizo, kutoka kiti cha mbele, sauti ya mwanamume kama aliyejaa maji kooni ikasema, "Nipo, bwana." Hapo ndipo Bethwel alipokigeuzia kipaza sauti.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, Bethwel alikigusa kile kiti. Kilikuwa kimelowa. Akanusa vidole vyake: tope jekundu, la siku nyingi.

"Paa linavuja," alimwambia Linah.

Linah akatazama dirishani. Kitale haikuwa imeona mvua wiki tatu.

Bethwel alishika njia ya kurudi Bungoma saa nane mchana, jua kali, peke yake ndani ya gari lake kuukuu. Kabla hajafika mbali, gari likaanza kupiga kengele. Ilikuwa ile ya kumkumbusha abiria wa mbele afunge mkanda. Bethwel akatazama kiti cha abiria. Hakukuwa na kitu, hata gazeti. Kengele ikaendelea. Akaimba wimbo wa kanisa kuizidi, ikamshinda. Alipofika Kamukuywa aliegesha kando ya soko, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu na kuufunga.

Kengele ikanyamaza.

Alikuwa ameishi Mombasa miaka sita na habari za majini alizijua. Ya huko yana masharti yake, yanataka ubani na marashi, na yakizidi kuna mtu wa kuyasomea. Hili la bara lilitaka nini? Lilitaka kupelekwa Bungoma, basi. Akaendesha akiwa ameganda shingo, kwa sababu kwa ncha ya jicho alikuwa ameona kwamba ule mkanda haukulala kitini, ulikuwa umetuna kwa mbele, kama unavyotuna juu ya kifua cha mtu, na ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu.

Nyumbani kulikuwa na watu. Alikuwa amesahau kwamba hiyo ndiyo siku mjukuu wake wa kwanza angepewa jina. Mwanawe Wanjala alikuwa kazini Nairobi, lakini Nabwile, mke wa Wanjala, alikuwepo na mtoto wa siku nane, na dada mkubwa wa Bethwel, Rasoa, ambaye nyumba nzima inamwita Senge, yaani shangazi, alikuwa amekuja kuita majina. Ndivyo wanavyofanya: mtoto akilia, wafu wa ukoo wanaitwa mmoja mmoja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Huyo aliyeitwa amekubali kurudi.

"Umechelewa, baba Wanjala," alisema Dinah, mke wa Bethwel. "Na huo mlango ufunge. Mbona unaleta matope?"

Bethwel akatazama viatu vyake. Vilikuwa safi. Nyuma yake, kwenye sakafu ambayo Dinah alikuwa ameipiga deki, nyayo pana za mtu asiye na viatu zilikuwa zimeingia, zikampita, zikaenda kusimama kando ya kochi alipokaa Nabwile.

Mtoto akaanza kulia.

"Haya, vizuri," alisema Senge, akamchukua. "Ni Mukhwana? Mukhwana, ni wewe?"

Mtoto akazidi kulia. Senge akamwita Sifuna, akamwita Wepukhulu, akawaita babu wa upande huu na kaka zao, wote waliokufa vizuri na waliokufa vibaya, hadi wakaisha, na mtoto bado analia, sauti imekauka, midomo imeanza kuwa ya majivu, na chumba kizima kinanuka kama shimo lililofunuliwa, na kila Senge alipovuta pumzi Bethwel alisikia mtu mwingine akivuta pumzi pamoja naye, kwa subira, kama kibarua anayengoja zamu yake isomwe.

"Hataki hata mmoja," Nabwile alinong'ona. "Senge, mtoto wangu anaisha."

"Dada," Bethwel akasema. "Mimi nimekuja na mtu."

Akaeleza yote. Kwa mara ya kwanza maishani alisimulia jambo na asitie mzaha popote. Senge alimsikiliza akimtikisa mtoto.

"Umeita wafu arobaini na watatu, ati heshima," alisema polepole. "Una watoto wangapi wa kuwapa?"

"Sikujua, dada. Ilikuwa kwenye programu."

"Mwite jina lake la kwao, basi. Jina alilopewa na mama yake. Atawasikia watu wake aende."

"Silijui."

"Uliza huyo mwenye kitabu!"

Bethwel akapiga simu, akaiweka spika. Linah alikwenda kufungua kitabu, na walisikia kurasa zikigeuzwa. "Namba thelathini na moja, Kiberiti," alisema. "Jina la baba, hakuna. Alikotoka, hakuna. Wote hawa ni hivyo, Bethwel. Hawakuandikiwa. Kuna nini?"

Bethwel akakata simu. Akapiga magoti mbele ya zile nyayo, mzee mzima mwenye kitambi na tai ya sherehe bado shingoni.

"Mzee," alinong'ona. "Tusamehe. Mama yako alikuita nani?"

Maji yakadondoka mahali fulani.

"Kwenu wapi, mzee wangu? Mlima? Huku kwetu? Mto wa kwenu unaitwaje?"

Kulikuwa na mtu anayejitahidi, wote walimsikia, kama mtu apapasaye gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe asiupate mlango. Kisha ile sauti ikatoka, ya unyenyekevu na ya kuomba radhi.

"Kiberiti, bwana."

Dinah akaanza kulia. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwa Senge, kinywa wazi, hakuna sauti, kifua kinapanda kidogo tu.

"Sema," Nabwile akamwambia baba mkwe wake, bila kumtazama. "Kama ndilo, lisemeni. Nipeni mtoto akiwa hai."

Senge akamfunika mtoto shuka. Akamtazama ndugu yake, akangoja.

"Kiberiti," Bethwel akasema.

Mtoto akavuta pumzi ndefu. Rangi ikamrudia mashavuni. Harufu ikaondoka, na nyayo zikaanza kukauka. Nabwile akamnyakua na kumpa ziwa, naye akanyonya kwa pupa. Halafu akaliachia na kugeuza macho kwa Bethwel. Mtoto wa siku nane hamtazami mtu hivyo. Alimtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kazi ya leo.

"Dada," Bethwel akasema, "si tutambadilishia? Kanisani, akibatizwa. Tutamtafutia jina zuri, bana."

Senge alikuwa tayari anafunga kitambaa chake kichwani.

"Mzungu alishambadilishia mara moja," alisema. "Wewe humbadilishii tena."